Nahodha Anayeogopa: Siku Nne Katika Pwani ya Essex



Wasomaji wetu wapenzi, juma hili tunaomba idhini ya kuwatoa kidogo katika pwani yetu na kuwapeleka katika pwani nyingine, ya maji ya rangi ya chai ya maziwa na upepo wa baridi hata mwezi wa Agosti. Hatukwenda huko kutalii. Tulitumwa na mama yetu.

Sisi ni dada wawili, wazaliwa wa Lamu na wakaazi wa Mji wa Kale, Mombasa. Marehemu baba yetu alikuwa nahodha wa jahazi lililochukua boriti za mikoko kutoka Lamu hadi Mombasa, likarudi na saruji, mabati na unga. Kaka yetu anaishi Uingereza, katika jimbo la Essex, na ana binti wa miaka 16. Binti huyu amejifunza kusafiri kwa tanga pamoja na wenziwe wa shule, na mwaka huu akaomba ruhusa ya kwenda siku saba baharini, likizo ijayo, pamoja na vijana wengine katika chombo cha kale cha matanga. Baba yake akakataa. Binti akampigia simu bibi yake.

Kukataa kwa kaka yetu kuna asili yake. Ami yetu mdogo aliondoka na mashua msimu wa kusi, asirudi yeye wala mashua. Kaka yetu alikuwa na miaka kumi wakati ule. Alikuwa ameahidiwa kwenda naye, akazuiliwa na homa. Tangu siku hiyo hakutia mguu katika chombo cha tanga. Jambo hili halizungumzwi nyumbani, lakini kila mmoja wetu analijua, kama vile ajulikanavyo mtu aliyelala chumba cha pili.

Mama hakusema ndiyo wala la. Alituita sisi wawili, akatuambia: "Sitaki kujua kama chombo ni kizuri. Vizuri vimezama vingi. Nendeni mkamtazame nahodha, kisha mniambie kama anaogopa." Yalikuwa maneno ya baba, naye alikuwa akiyarudia. Marehemu alikuwa akisema kwamba nahodha asiyeiogopa bahari, usipande chombo chake hata kama kimepakwa dhahabu.

Basi tukaenda. Kaka yetu alitukatia nafasi za siku nne katika chombo cha namna ile ile anachokitaka bintiye, na kwa kuwa hakuona vyema kutuacha tusafiri na wageni bila ya mahram, akalazimika kuja naye. Tulimwona akipanda ubao wa kuingilia kwa hatua ndogo ndogo, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine umeshika mkono wa mwanawe.

Tishari la matanga

Mji wa Maldon uko juu ya kilima, na chini yake, pembeni mwa kanisa kongwe la St Mary, ndipo lilipo gati la Hythe. Tulifika maji yakiwa yamekupwa. Mto Blackwater ulikuwa umebaki mfereji mwembamba katikati ya uwanja mpana wa tope linalong'aa, na vyombo vyote vya gatini vilikuwa vimekaa juu ya tope hilo wima, bila ya magogo ya kuvishikilia, kama akina mama waliokaa mkekani. Hapo ndipo tulipofahamu siri ya kwanza ya chombo hiki: hakina mkuku. Chini ni bapa kama sinia.

Kwa Kiswahili chetu tunaweza kukiita tishari, lakini tishari lenye mlingoti na matanga. Urefu wake ni kiasi cha mita 25, upana mita 6, na likiwa tupu huhitaji maji ya kina cha mita moja tu. Kwa kuwa halina mkuku wa kulizuia lisisukumwe kando na upepo, limefungwa mbawa mbili kubwa za mbao, moja kila ubavu. Ile ya upande uendako upepo hushushwa majini, na likibisha, hupandishwa hii ikashushwa ile. Tanga kuu halina foromali kama la jahazi letu. Hushikiliwa na boriti ndefu inayopita mshazari kutoka chini ya mlingoti hadi pembe ya juu ya tanga. Wala halishushwi, hukusanywa kwa kamba kuelekea mlingotini, kama mwanamke akunjavyo pazia la mlangoni.

Kwa mpango huo, chombo kinachobeba zaidi ya tani mia kiliendeshwa na watu wawili tu, mara nyingi mtu mzima na kijana. Mwanzoni mwa karne ya 20 matishari haya yalikuwa zaidi ya 2,000 katika mto Thames na pwani zilizo karibu. Yalipeleka London matofali, nafaka na saruji, na majani makavu ya kulisha farasi waliovuta magari ya jiji, kisha yakarudi Essex na samadi ya farasi hao hao kwa ajili ya mashamba. Mlingoti uliweza kulazwa ili chombo kipite chini ya madaraja. La mwisho kuchukua shehena kwa nguvu za matanga peke yake lilikuwa Cambria, lililojengwa mwaka 1906, nalo liliacha kazi mwaka 1970. Leo yaliyobaki yakisafiri ni machache, na mengi huchukua abiria, vijana wa shule na wapendao mambo ya kale.

Matanga yake ni mekundu kama matofali. Tuliuliza sababu, tukaambiwa kwamba mafundi wa zamani waliyapaka mchanganyiko wa udongo mwekundu, mafuta ya samaki na maji ya bahari ili yasioze. Tukatazamana. Harufu ya sifa iliyopakwa mbao za majahazi, na deheni ya shahamu na chokaa iliyopakwa chini yake, ndiyo harufu ya utoto wetu. Watu wawili wasiojuana, mmoja Lamu na mmoja Maldon, walimwendea samaki yule yule kuomba dawa ya adui yule yule.

Nahodha alikuwa mtu mzima wa makamo, mkimya, mwenye macho yasiyotulia. Alipotusalimia alitutazama sisi, akatazama mawingu, akatutazama tena. Msaidizi wake alikuwa mwanamke, naye ndiye aliyetuonyesha chumba chetu cha wanawake upande wa tezi, chenye mlango na kitasa chake. Tuliuliza kuhusu jikoni. Tukapewa kabati letu tutie sufuria zetu, mahamri yetu na kuku wetu wa halali, na hakuna aliyetuona wa ajabu.

Kukaa juu ya tope

Maji ya pwani ya Essex hayana mzaha. Kwetu Mombasa bamvua hupandisha maji mita tatu na ushei. Huku hukaribia mita tano. Ilikuwa siku za bamvua, na maji yalijaa saa saba mchana. Chombo kilichokuwa kimelala topeni kikaamka, kikatikisika kidogo, na bila ya kelele za injini tukajitenga na gati. Binti yetu alikuwa miongoni mwa waliovuta kamba. Baba yake alikaa chini ya mlingoti, amelipa bahari mgongo.

Mkono wa kulia tulikipita kisiwa cha Northey, kilichoungwa na bara kwa njia inayofunikwa maji yakijaa. Hapo, mwaka 991, Waviking waliotoka ng'ambo walipiga kambi. Wenyeji walisimama bara, na maji yakawatenganisha. Shairi la kale la Kiingereza lililobaki vipande linasimulia kwamba maji yalipokupwa na njia ikaonekana, mkuu wa wenyeji, Byrhtnoth, aliwaruhusu maadui wavuke ili wapigane uwanjani. Akauawa yeye na wengi wa watu wake. Binti yetu aliusoma mkasa huo shuleni, na alipotusimulia aliongeza neno lake: "Shangazi, hakuwa na haja ya kuwafungulia. Angengoja tu maji yajae." Tuliona kwamba aliyesema hivyo ni mjukuu wa nahodha.

Kingo za mto huu zimetoa chumvi tangu kale. Kuna vichuguu vya udongo mwekundu, masalio ya majiko ya kuchemshia maji ya bahari kabla ya Warumi na katika zama zao, na daftari kubwa la ardhi la mwaka 1086 linataja machimbo ya chumvi katika pwani hii. Hata leo chumvi ya Maldon huuzwa duniani kote. Kwetu jua la Gongoni na Ngomeni hufanya kazi hiyo bure. Hapa jua ni bahili, ikabidi watu wachome kuni.

Alasiri nahodha alitia nanga karibu na kisiwa cha Osea, katika maji haba, kwa makusudi. "Tutakaa chini," alisema, na kweli, maji yalipoendelea kupwa, tishari likashuka taratibu hata likagusa tope. Hapakuwa na mshtuko. Kikombe cha chai kilichokuwa mezani hakikumwagika.

Hapo tulipata neema ambayo hatukuitarajia. Tulikuwa na wasiwasi kuhusu sala. Nyumbani Lamu tunaelekea kaskazini. Kutoka Essex kibla ni kusini-mashariki, na chombo kilichotia nanga huzunguka kila mkondo ugeukapo, hata mtu akaanza sala ameelekea Makka akaimaliza ameelekea kwingineko. Lakini chombo kilichokaa juu ya tope hakizunguki. Tulitoa dira, tukatandika miswala juu ya sitaha, tukasali laasiri kwa utulivu kama tuko barazani, ndege wa pwani wakidonoa matope pande zote. Magharibi iliingia saa mbili na dakika ishirini za usiku, jambo ambalo mwili wetu wa Mombasa haukulizoea. Kaka yetu alitusalisha. Alipomaliza, alibaki amekaa akisikiliza tope likitoa vile vishindo vidogo vya mapovu, kisha akasema, bila ya kumwelekea mtu: "Lamu pia hulia hivi." Baadaye maji yakarudi, na usiku wa manane tukaamshwa na chombo kikielea.

Siku ya kungoja

Siku ya pili ilikuwa tuondoke kuelekea bahari kuu. Tuliamka kukiwa na jua zuri na upepo wa wastani, na abiria wote walikuwa sitahani wamevaa tayari. Nahodha alitoka na kikombe chake, akatangaza kwamba hatuendi popote. Utabiri wa hali ya hewa ulisema upepo utapanda mchana na kugeukia upande wa mashariki, ukikabili maji yanayotoka. Na penye mafungu ya mchanga, upepo unaopigana na mkondo hufanya bahari fupi, kali, zilizosimama. Tungoje kesho.

Mmoja wa abiria alilalamika. Alisema amelipa apelekwe pwani, si akae mtoni. Na jua hili analiona kila mtu. Nahodha hakubishana naye. Alimjibu kwa adabu kwamba atakayetaka kurudishiwa fedha atarudishiwa, akaenda kukagua kamba za nanga.

Tukawa na siku nzima ya kukitazama kisiwa cha Osea, na kina kisa kinachostahili kusimuliwa kwa wasomaji wetu. Frederick Charrington alizaliwa katika familia tajiri ya watengenezaji wa pombe jijini London. Usiku mmoja, akiwa kijana, alimwona mwanamke akimsihi mumewe, mbele ya kilabu cha pombe, ampe fedha za kuwalisha watoto. Mume akampiga mkewe akamwangusha chini. Charrington aliinua macho, akaona juu ya mlango wa kilabu kile jina lililoandikwa kwa herufi kubwa: lilikuwa jina la ukoo wake. Aliukataa urithi ule, akatumia umri wake kupinga ulevi. Mwaka 1903 alinunua kisiwa hiki akakifanya mahali pa kuwatibu walevi, kwa hoja kwamba penye maji pande zote hapana kilabu. Husimuliwa kwamba mabaharia wenyeji waliwafungia wagonjwa chupa kwenye maboya usiku. Binadamu ni yule yule. Lakini sisi tulimfikiria zaidi kijana aliyesoma jina lake mlangoni na kuona haya. Ni wangapi wetu husoma majina yetu juu ya milango ya riziki zetu?

Kufika saa nane, upepo ulifika kama ulivyotabiriwa. Mto uligeuka mweupe, kamba zikaanza kuimba, na yule abiria aliyelalamika alishuka chini bila ya kusema neno.

Jioni tulimwomba nahodha ruhusa ya kuzungumza naye. Tulimweleza tulitoka wapi, tukamweleza swali la mama yetu kama lilivyo. Tulidhani atacheka. Hakucheka. Alikwenda chumbani kwake akarudi na daftari la safari. Kila safari iliandikwa tarehe, upepo, saa ya maji. Nyingine zilikuwa zimetiwa mstari mwekundu. Tulimuuliza nyekundu ni nini. "Hizo ni siku ambazo sikutoka, au nilitoka nikarudi," alisema. Alifungua kurasa, nasi tukaona nyekundu nyingi, mwaka baada ya mwaka. Ya siku ile ilikuwa bado haijakauka wino.

Kaka yetu, aliyekuwa amekaa pembeni, alilichukua daftari lile. Alilisoma muda mrefu kuliko sisi.

Bahari ya nje

Siku ya tatu upepo ulirudi kusini-magharibi, tulivu, na maji yalipokaribia kujaa, mnamo saa nane mchana, tuling'oa nanga. Katika pwani hii maji yanapokupwa hutiririka kuelekea kaskazini-mashariki, ndiyo njia yetu. Aliyejua kulisubiri saa lake huchukuliwa na mkondo mkono mmoja na upepo mkono wa pili.

Penye mdomo wa mto, upande wa kulia, ipo rasi tambarare ya Bradwell. Majengo makubwa ya kijivu ni mtambo wa nyuklia uliofunguliwa mwaka 1962 na kuzimwa mwaka 2002. Mbele yake kidogo, peke yake juu ya nyasi, kuna jengo dogo la mawe, refu kwenda juu, mithili ya ghala. Kwa hakika karne nyingi wakulima walilitumia kama ghala. Ni kanisa la St Peter, lililojengwa na mtawa Cedd kiasi cha mwaka 654 kwa mawe ya ngome ya Kirumi iliyobomoka. Tulipoisikia tarehe hiyo tulipiga hesabu. Mwaka 654 ulikuwa ni zama za ukhalifa wa Sayyidna Uthman, radhi za Allah zimfikie. Ndizo zama ambazo Waislamu walianza kupanda bahari ya Sham kwa majeshi.

Hapo binti yetu akapata alichokitafuta. Alimkumbusha baba yake habari ya Ummu Haram bint Milhan, ambaye Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alilala nyumbani kwake akaamka akitabasamu, akaeleza kwamba ameonyeshwa watu wa umma wake wakiipanda bahari kama wafalme juu ya viti vyao. Ummu Haram akaomba aombewe awe miongoni mwao, akaombewa, na akaipanda bahari hadi Kupro, akafia huko.

Kaka yetu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole: "Kweli, mwanangu. Na alikuwa na nani?" Binti akanyamaza. Alikuwa na mumewe, Ubada bin Samit. Hatukuwa na la kuongeza. Hoja ya mtoto ilikuwa nzuri na jawabu la baba lilikuwa sahihi, nasi tuliokwisha kumpenda nahodha kwa daftari lake tuliona kwamba swali moja limejibiwa na jingine limebaki.

Mbele ya rasi tuliona matishari ya chuma, makuukuu, yamezamishwa kwa mstari makusudi ili yavunje mawimbi yasile ukingo. Nchi hii ni ya chini sana. Bahari huzuiliwa na kuta za udongo. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 upepo na bamvua vilikutana, kuta zikavunjika, na watu 307 wakafa katika pwani ya mashariki ya Uingereza, wakiwemo wengi wa Essex. Baadaye wenyeji walijifunza jambo ambalo wazee wetu wa mikokoni walilijua: ukuta peke yake hautoshi. Mwaka 1995, huko Tollesbury, waliutoboa ukuta wao wenyewe, wakairuhusu bahari irudi katika mashamba ili majani ya pwani yaote tena, kwa sababu majani hayo ndiyo yanayoichosha mawimbi kabla hayajafika ukutani. Sisi tuliokata mikoko kwa boriti na kuni, kisha tukashangaa maji kuingia makaburini, tulisikiliza kwa makini.

Tuliipita Clacton na gati lake refu la burudani lililofunguliwa mwaka 1871. Upande wa bahari, juu ya fungu la Gunfleet, zilisimama pangaboi nyeupe za umeme wa upepo, karibu 50, zikizunguka bila ya haraka. Tanga jekundu la kale na pangaboi jeupe la leo vilikuwa vikila riziki kwenye sahani moja.

Jua likielekea kutua tulifika Naze, ambapo pwani inainuka kuwa mwamba wa udongo. Juu yake kuna mnara wa matofali uliojengwa mwaka 1720 ili kuwaongoza mabaharia, na chini, ufukweni, kibanda cha zege cha vita vya pili vya dunia kimelala kwenye mchanga. Hakikujengwa pale. Kilijengwa juu ya mwamba, na mwamba ukaliwa.

Hapo nahodha alimwita binti yetu ashike usukani. Mlango wa bandari ya Harwich ni mwembamba kwa meli kubwa, na upande wa pili wake ni Felixstowe, bandari kubwa kuliko zote Uingereza kwa makontena. Meli ndefu kuliko yoyote tuliyopata kuiona Kilindini ilikuwa ikitoka, taa zake zikiwaka kama mtaa mzima. Nahodha alisimama hatua moja nyuma ya mtoto, mikono mgongoni, akimwambia maneno machache: shika hapo, legeza, tukae nje ya njia yake. Kaka yetu aliinuka. Kwa siku tatu tulimwona amekaa chini ya mlingoti. Sasa alitembea, bila ya kushika kamba, mpaka tezi. Alisimama karibu na mwanawe, hakusema neno. Ile meli ikapita, wimbi lake likatuinua na kutushusha, na usukani haukuyumba.

Maji yanajaa

Asubuhi ya mwisho tulipanda mto Orwell kuelekea Pin Mill. Ni mto wa upole, misitu imeshuka mpaka majini, na penye kijiji mabaki ya matishari yaliyokufa yamelala topeni, mbavu nje. Tukiwa bado mbali kidogo, katika kupinda, chombo kikapunguza mwendo, kikasimama. Tulikuwa tumepanda fungu la tope.

Tulimtazama kaka yetu, tukiogopa. Naye alimuuliza nahodha swali moja tu: "Maji yanajaa au yanakupwa?"

"Yanajaa."

Kaka yetu akaanza kucheka. Hatujamsikia akicheka vile tangu utoto. Marehemu baba alikuwa akisema: chombo kikipanda fungu maji yakiwa yanajaa, teleka kahawa, yakiwa yanakupwa, soma dua. Akashuka jikoni mwenyewe, akateleka kahawa ya tangawizi, akawagawia watu wote, akianza na yule abiria aliyelalamika. Kabla ya vikombe kwisha tulikuwa tunaelea.

Ilikuwa katika kukusanya vikombe hivyo ndipo alipomuuliza nahodha, kama mtu anayeuliza habari ya hali ya hewa, kama safari zile za vijana huhitaji mpishi. Nahodha akasema watu wazima wa kujitolea ni adimu sikuzote. Atahitaji kukaguliwa kama sheria ya huko inavyotaka kwa kila anayehudumu na watoto, na atahitaji kupenda kuosha sufuria. Binti yetu alikuwa anakunja kamba. Alisimama kuikunja.

Tulimpigia mama kutoka ufukweni, viatu vyetu vimejaa tope. Tulimwambia habari ya daftari na mistari yake myekundu, na siku nzima tuliyongoja jua likiwaka. Tulimwambia pia habari ya mpishi. Alinyamaza muda, tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza: "Alipanda kwa miguu yake mwenyewe?" Tukamwambia ndiyo, na alisimama tezi. Mama akasema, "Basi na waende wote wawili," akatutaka tumpe mwanawe simu. Tulisogea pembeni. Walizungumza muda mrefu, na hatukuuliza walizungumza nini.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tumerudi Mombasa, na kazi tuliyotumwa tumeikamilisha. Wale wenye wana na mabinti wanaoomba ruhusa ya kwenda mbali wanajua uzito wa neno ndiyo na uzito wa neno la. Allah awalinde wote walio baharini, awarehemu ambao hawakurudi, na awajaalie watoto wetu viongozi wanaojua kuogopa. Amin.